Amana ya Bi Pasi

Machi 4, Jumatatu

Wakili amenipa daftari hili. Amesema niandike kila siku kilichoingia na kilichotoka, ili siku ya mahakama nisibabaike. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mtoto wangu, lakini yeye ananiita mzee na mimi namwita mheshimiwa, basi tunaenda sawa.

Kilichoingia: shuka kumi na nne, mashati ishirini na moja, suti mbili, pazia moja la sebuleni. Kilichotoka: hakuna. Mvua imeanza saa nne asubuhi na hakuna kilichokauka.

Machi 5

Mvua.

Machi 6, Jumatano

Wakili amesoma ukurasa wa kwanza akacheka. Alitaka fedha zilizoingia, si nguo. Nimemwambia dobi ukimuuliza kilichoingia atakutajia mashati. Amenipa karatasi zenye mistari kwa ajili ya fedha, na daftari kaniachia. Nitaendelea kuandika. Mvua ikinyesha dobi hana la kufanya ila kutazama juu.

Mke wangu, najua utalisoma, kwa hiyo nitaeleza mambo kwa utaratibu hata unayoyajua. Nina miaka hamsini na minne, na udobi nimeufanya ishirini na miwili. Miaka mitatu iliyopita nilikopa benki nikanunua mashine mbili kubwa za kufulia, kwa sababu ile hoteli ya karibu na stendi ilinipa shuka zake zote. Mwaka jana hoteli ikafungwa. Shuka zikaondoka, mkopo ukabaki. Ukutani dukani nimebandika maandishi, "Kukopa harusi, kulipa matanga", kwa ajili ya wateja wanaotaka kuchukua nguo bila kulipa. Siku hizi nakaa nayo ana kwa ana kutwa nzima.

Sasa nimeiomba mahakama niwalipe wadai wangu wote kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mitano, niachiwe duka na mashine zangu. Wakikubali, naendelea kuwa dobi. Wakikataa, natangazwa mufilisi na kila kilicho changu kinauzwa. Kesi ni Aprili 3.

Machi 9, Jumamosi

Nguo zimetundikwa mpaka juu ya meza ya kupokelea wateja. Duka lote linanuka uvundo. Bi Pasi anazikausha kwa pasi, shati moja robo saa, huku mvuke ukimpanda usoni.

"Pasi si jua, mdogo wangu," aliniambia.

"Najua, dada."

"Unajua, lakini unazidi kuniletea."

Bi Pasi ana miaka sitini na mitatu na amepiga pasi kwangu miaka kumi na tisa. Jina lake analo, ila hakuna anayelitumia, hata wanawe. Akikunja shati unaweza kulirudisha kwenye kiboksi cha dukani likauzwa jipya.

Wateja wote wanauliza swali moja. Leo alikuwa mwalimu mwenye mashati manne.

"Ile mashine ya kukaushia iko wapi?"

"Niliiuza Januari."

"Uliuza mashine ya kukaushia mvua ikiwa mlangoni?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema atakuja Jumanne. Jumanne nayo itanyesha.

Machi 10, Jumapili

Sababu ya kuiuza nitaiandika hapa, kwa kuwa sijamwambia mtu.

Kwa miaka kumi na tisa Bi Pasi hajawahi kuchukua ujira wake wote. Kila Jumamosi anahesabu, anatenga kidogo, anakisukuma upande wangu wa meza na kusema neno moja: "Niwekee." Nyumbani kwake wamo wanaume wawili wazima, aliowazaa mwenyewe, ambao fedha ikiingia ndani hailali. Kwangu ililala. Niliandika kila Jumamosi, nikaitia kwenye kopo la sabuni juu ya rafu. Haba na haba, likawa kopo zito.

Hoteli ilipofungwa nilichukua kidogo kwenye kopo nikalipia umeme. Nilisema nitarudisha mwisho wa mwezi. Mwezi uliofuata nikachukua tena. Kufika Desemba kopo lilikuwa na risiti za umeme.

Januari Bi Pasi akasema, "Naitaka amana yangu. Paa langu limeoza, nataka niezeke kabla ya mvua." Nikamwambia anipe siku nne. Mashine ya kukaushia haikuwa ya mkopo wala haikuwekwa rehani, ilikuwa yangu kabisa. Nikaiuza kwa bei ya kutupa, nikamrudishia yote, senti kwa senti. Akahesabu mara mbili, akasema Mungu akuzidishie, akaondoka. Hakujua lolote. Siku hiyo nilijihisi mwepesi.

Wakili aliponiuliza madeni yangu, nilimtajia benki, mwenye sabuni, mwenye nyumba wa duka na watu wa maji. Bi Pasi sikumtaja. Hakuwa ananidai tena. Na hata angekuwa hajalipwa, amana si deni. Deni mtu anakupa ulitumie. Amana anakupa usiiguse. Mimi niliigusa, nikairudisha, yakaisha.

Machi 12

Mvua. Mwalimu mwenye mashati manne amechukua mawili mabichi.

Machi 13

Mvua.

Machi 16, Jumamosi

Nimeshona alama siku nzima. Watu hawajui kazi hii. Kila mteja wangu ana uzi wake: mwalimu ni buluu mishono miwili, mama wa duka la dawa ni kijani mshono mmoja, yule mwenye suti ni njano iliyopishana. Uzi unashonwa ndani ya pindo, na kwenye kitabu cha alama nimeandika uzi upi ni wa nani. Ndiyo maana katika miaka ishirini na miwili sijampa mtu hata soksi ya mwenzake. Madobi wengine wanaandika kwa wino, wino unatoka, halafu wanaanza kuapa.

Bi Pasi ametenga fungu lake kama kawaida. "Niwekee." Nimelitia kwenye kopo. Ni dogo, kwa sababu na ujira wenyewe umekuwa mdogo.

Machi 21, Alhamisi

Kikao cha wadai, ofisini kwa wakili. Viti havikutosha, mimi nikasimama. Nilihisi ndiyo haki.

Mwenye sabuni alisema wazi kwamba ananipenda lakini anaipenda zaidi fedha yake, na mtu akiuawa halipi. Akakubali. Mwenye nyumba akakubali. Watu wa maji hawakuja. Mwakilishi wa benki alikataa kwa adabu sana, akanipa na mkono. Benki ndiyo inayonidai zaidi ya wote, kwa hiyo mahakama ndiyo itakayoamua.

"Usiogope," wakili aliniambia. "Hakimu huwa anaangalia kama mdaiwa amesema ukweli wote. Wewe orodha yako ni safi."

Nikasema ndiyo, ni safi.

Machi 22

Mvua.

Machi 30, Jumamosi

Bi Pasi amenitolea kopo kwenye rafu mwenyewe. "Nipe za wiki hizi, mjukuu anaumwa." Nikampa. Kopo limebaki tupu. Mke wangu amenikata nywele kwa ajili ya mahakama.

Aprili 3, Jumatano

Nimerudi. Naandika kwenye meza ya chakula. Nitaandika walivyosema.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, na kilivuja pembeni, waliweka ndoo. Hakimu ni mama wa makamo. Kola yake ilikuwa na mkunjo uliopigwa pasi kabla haujanyooshwa, mkunjo wa namna hiyo hautoki mpaka uloweshwe tena. Niliutazama karibu muda wote.

Mambo yalienda vizuri mpaka wakili wa benki aliposimama na karatasi moja.

"Kwenye hesabu zako za mwaka juzi kuna mashine ya kukaushia nguo. Kwenye orodha ya mali uliyoleta hapa haimo. Iko wapi?"

"Niliiuza Januari."

"Wiki sita kabla ya kuleta ombi hili. Fedha zilikwenda wapi?"

"Nilimrudishia mtu amana yake."

"Mtu gani?"

"Mpiga pasi wangu."

Wakili wangu aligeuka kunitazama. Sikuelewa kwa nini. Nilikuwa nikisema jambo ambalo ningelisema mbele ya marehemu baba yangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unamdai... samahani, alikuwa anakudai?"

"Hapana. Aliniwekesha."

"Fedha zake ulikuwa umezitumia?"

"Nilizitumia. Halafu nikazirudisha."

"Ukamlipa yeye zote, na hawa wengine wakasubiri."

Nikamweleza hakimu tofauti ya amana na deni. Nilieleza vizuri. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na nilipomaliza alivua miwani akaisugua kwa pindo la joho. Akasema mahakama haimwiti mtu huyu mwizi. Akasema kisheria fedha ile, ikishatumiwa, ni deni kama madeni mengine, na mdaiwa hana ruhusa ya kumchagulia mdai mmoja sahani iliyojaa huku wengine wakigawana makombo. Akasema orodha iliyoficha mashine na mdai, mahakama haiwezi kuiegemea kwa miaka mitano. Pendekezo langu la kulipa kidogo kidogo limekataliwa. Natangazwa mufilisi kuanzia leo.

Kisha wakaita kesi nyingine.

Koridoni wakili alikuwa karibu kulia. "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza madeni, mheshimiwa."

"Kama ungeziweka peke yake tu! Kopo lake, jina lake, usiziguse. Zingekuwa mali yake, hakuna ambaye angezungumza. Ulipozichanganya na zako, zikawa zako, na yeye akawa anakudai."

Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kuchanganya soksi ya mtu. Nje mvua ilikuwa ileile, tukasubiri pamoja chini ya ukingo wa paa mpaka ikapungua.

Aprili 4

Sikuhisi kitu. Nimekunywa chai mara tatu.

Aprili 5

Mke wangu amesoma daftari. Amesema, "Benki usiwaambie, sawa. Wakili usimwambie, sawa. Na mimi?" Amelala kwa binti yetu.

Aprili 6

Mvua.

Aprili 8, Jumatatu

Mke wangu amerudi. Ameleta ndizi. Hatujazungumza, lakini amenimenyea moja.

Aprili 9, Jumanne

Amekuja msimamizi, yaani mtu aliyewekwa na mahakama kukusanya mali zangu na kuwagawia wadai. Nilikuwa nimemchukia tangu jana yake. Ni mtu mrefu, mpole, viatu vimeingia maji, na kila akipiga hatua soksi zinalia.

Akaandika mashine mbili, meza, kiti, mizani, pasi mbili za umeme. Akafika kwenye nguo.

"Hizi?"

"Za watu."

"Zote? Una uthibitisho?"

Nikampa kitabu cha alama. Akachukua shati lolote, akageuza pindo, akatafuta uzi kwenye kitabu. Akachukua jingine. Akafanya hivyo kwa nguo kumi na mbili, kisha akafunga kitabu na kuniangalia kwa namna ambayo ningependa hakimu angeniangalia.

"Waite waje wachukue nguo zao," alisema. "Hapa hakuna kosa hata moja."

Sheria inamwachia mufilisi vifaa vya kazi ya mkono. Akaniambia nichague. Nikachagua mabeseni matatu, kamba, vibanio na pasi ya mkaa, ile niliyoanza nayo. Kopo la sabuni aliliandika kisha akalifuta. Alisema halina thamani.

Bi Pasi alikuwepo. Yeye alijua tu kwamba biashara imeanguka. Alizunguka akikunja nguo za watu mpaka ya mwisho, akaniaga.

Aprili 10 – 15

Mvua. Wateja wamekuja kuchukua nguo zao. Mwalimu amenishika bega.

Aprili 17, Jumatano

Bi Pasi amekuja nyumbani na barua ndani ya mfuko wa nailoni. Hakutaka kukaa.

"Nisomee. Wanangu wameisoma, kila mmoja anasema lake."

Nikaisoma. Msimamizi anamtaka arudishe fedha zote alizolipwa Januari, ili zigawanywe kwa wadai.

"Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Sasa nani amekosa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku nyingi, na maandalizi yote yakayeyuka. "Nilizila, dada."

"Ulizila nini?"

"Amana yako. Mwaka jana. Kidogo kidogo mpaka zikaisha."

"Zote?"

"Zote."

"Na zile ulizonipa?"

"Zile zilikuwa za mashine ya kukaushia."

Alisimama pale mlangoni. Maji yalimtiririka kutoka kwenye mwavuli yakafanya dimbwi sakafuni. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja mara tatu, kingo kwa kingo, kama anavyokunja kila kitu, akairudisha kwenye nailoni.

"Kila Jumamosi ulikuwa unanitazama usoni," alisema. "Nasema niwekee, na wewe unapokea."

Akaondoka bila kuaga. Hakimu alinitangaza mufilisi mbele ya watu na sikuona aibu. Leo nimeona aibu, hata mke wangu alipoleta chakula sikuweza kuinua kichwa.

Aprili 18

Mvua. Bi Pasi hapokei simu.

Aprili 19

Mvua. Hapokei.

Aprili 20, Jumamosi

Ilipofika saa yake ya kuhesabu, nilikaa mezani. Sijui nilikuwa nasubiri nini.

Aprili 25, Alhamisi

Msimamizi amenipigia niende nikasaini. Ameniambia alikwenda kwa Bi Pasi mwenyewe.

"Nilikaa sebuleni kwake saa nzima," alisema. "Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatusikiani. Paa halikuvuja tone. Nikamuuliza, mama, fedha ziko wapi? Akanyoosha kidole juu."

"Utafanyaje?"

"Mzee, siwezi kung'oa bati juu ya kichwa cha mtu masika. Na siwezi kuwaambia wadai sikuona kitu." Akasugua macho. "Nimemwambia alete pendekezo."

Mei 2

Mvua ndogo.

Mei 6, Jumatatu

Bi Pasi amekubaliwa. Atarudisha nusu, kidogo kidogo, kila mwezi kwa miaka miwili. Wadai wameridhia, na benki pia.

Pendekezo lake limepita. Langu lilikataliwa. Nilipomsomea mke wangu barua ya msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio, akaenda jikoni. Mimi sikuweza kimoja wala kingine. Nilifikiria tu kwamba mwanamke wa miaka sitini na mitatu anaanza kulipa deni ambalo hakulikopa, na asubuhi hii hana kazi, na kazi aliyokuwa nayo nimeiua mimi.

Mei 14, Jumanne

Mashine zimechukuliwa. Sakafuni zimeacha miraba miwili safi. Nimekabidhi funguo. Ile karatasi ya maandishi ya ukutani mwenye nyumba ameniomba ibaki, anasema itamfaa mpangaji mpya.

Mei 16, Alhamisi

Nimefunga kamba uani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilivua zamani. Mwalimu ameleta mashati manne. Msimamizi ameleta soksi. Nilidhani anatania. Nimemshonea uzi mweupe mishono mitatu.

Mei 20

Manyunyu. Mashati yamepigwa pasi na mke wangu. Mwalimu aliyatazama kola, moja baada ya nyingine.

Mei 23, Alhamisi

Jua.

Mei 25, Jumamosi

Jua tangu asubuhi, na upepo kidogo. Shuka sita zilikauka kwa saa mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba ni jambo rahisi hivyo.

Saa tatu geti liligongwa. Alikuwa Bi Pasi, na kitambaa chake cha kupigia pasi kimekunjwa chini ya kwapa. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkaa, akaupuliza, akaijaribu pasi kwa tone la mate.

"Haya mashati kayapiga nani?" aliuliza, akiyaonyesha yaliyokunjwa mezani.

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akasema ni yeye.

"Kapike, mwanangu."

Mke wangu alicheka, kwa mara ya kwanza bila kulia, akaenda kupika. Bi Pasi akayalowesha yote akaanza upya. Tulifanya kazi mpaka jioni. Hakunisemesha ila kwa mambo ya kazi: lete maji, ondoa hiyo, mkaa unaisha. Mimi nilifua.

Tulipomaliza nikamhesabia ujira wake kwenye meza ya uani. Akaugawa mafungu matatu.

"Hili la msimamizi." Akalifunga kwenye leso.

"Hili la nyumbani." Akalitia kifuani.

La tatu lilikuwa dogo kuliko yote. Akaliweka chini ya kidole kimoja, akalisukuma mpaka upande wangu wa meza.

"Niwekee."

Nilimwambia, "Dada, mimi ni mufilisi. Imeandikwa, ina muhuri."

"Nimesomewa."

"Nilizila."

"Ulizila, nikakasirika mwezi mzima, na hasira bado ninayo. Halafu ukauza mashine yako mvua ikiwa mlangoni, ukanipa. Hao wengine wanakudai, mimi nimekuwekesha. Niwekee, jua linazama, nina safari."

Machozi yalinitoka palepale, mbele yake na mbele ya mke wangu, na sikuyafuta kwa sababu mikono bado ilikuwa na ukakasi wa sabuni. Bi Pasi alitazama pembeni mpaka nikamaliza.

Alipoondoka nilikata kipande cha shuka kuukuu, nikashona mfuko mdogo wenye kamba. Miaka kumi na tisa Bi Pasi hakuwahi kuwa na uzi wake kwenye kitabu, kwa kuwa hakuwa mteja. Nimemwandikia mwekundu, mishono miwili iliyopishana, nikaushona kwenye pindo la mfuko. Nimeutundika kwenye msumari wa peke yake.

Kilichoingia: mashati kumi na moja, shuka sita, amana moja.

Kilichotoka: mashati kumi na moja, shuka sita.